Malezi ya Makao na Kujitegemea kwa Vijana

Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huu hutajwa sana katika arusi na katika mikutano ya wazazi shuleni, lakini husahauliwa mara nyingi kwamba hata kulea kuna mwisho wake. Mtoto hulelewa ili siku moja asilelewe tena. Mkulima haotesheshi mche kitaluni ili ukae kitaluni daima. Huutunza, huumwagilia maji, kisha mvua zikifika huung'oa pamoja na udongo wake na kuupanda shambani. Akichelewa, mizizi husongana. Akiung'oa bila udongo, hufa. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya malezi ya vijana waliokosa kulelewa na wazazi wao, na hasa wale waliolelewa katika nyumba maalumu ambazo leo twaziita makao ya watoto. Mengi yamekwisha andikwa juu ya namna mtoto anavyopokelewa katika nyumba hizo. Sisi tutauliza swali jingine, nalo ni hili: je, kijana hutokaje humo?

Tunaanzia Mwandoya, katika Wilaya ya Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa mpya wa Simiyu. Nchi hii ya Usukuma ya mashariki ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, nchi ya mvua haba na mbuga pana, inayopakana na mapori ya wanyama ya Maswa na Serengeti. Katika wilaya hiyo Wasukuma huishi pamoja na Wataturu wafugaji na Wahadzabe wawindaji. Hatukuichagua kwa sababu ina makao mashuhuri ya watoto. Tumeichagua kwa sababu ina desturi ya kale ya kumkuza kijana nje ya chumba cha mama yake, na desturi hiyo yatupa kipimo cha kupimia mengine yote.

Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia zizini, moto uliwashwa uani mbele ya nyumba. Mahali hapo paliitwa shikome. Wanaume na wavulana waliketi kuuzunguka moto ule, wakaletewa chakula, wakala pamoja, kisha mazungumzo yakaanza. Hapo mvulana alisikia ngano na vitendawili, akajifunza majina ya ukoo wake, dalili za ugonjwa wa ng'ombe, mipaka ya mashamba, na namna ya kusema mbele ya wakubwa bila ya kuwavunjia heshima. Hakuna aliyemwambia kwamba yumo darasani. Wasichana nao waliokaribia utu uzima walifunzwa na bibi na shangazi zao, penye jiko na penye kinu, mambo ya nyumba, ya shamba na ya unyumba. Mtoto aliyefiwa na wazazi alikuwa na nafasi yake kwenye moto ule ule. Baba mdogo alikuwa baba. Mjomba alikuwa mjomba. Na kama hao hawakuwapo, mzee wa mji ule alimwonyesha mahali pa kuketi.

Mvulana alipopata nguvu za kushika jembe la watu wazima, aliingia katika elika, yaani kikundi cha vijana cha kufanya kazi kwa pamoja. Vijana hao walilima mashamba ya wanakijiji kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo, wakalipwa mifugo, nafaka au chakula cha pamoja. Walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, maana yake kijana mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaita vijana kazini, kusimamia nidhamu yao na kuwasemea mbele ya wazee. Yafaa walimu na wanafunzi wazingatie jambo hili. Serikali ya vijana ilikuwa mikononi mwa vijana wenyewe. Wazee waliitazama kwa mbali, wakaingilia pale tu ilipopotoka. Kijana alijifunza kujitawala kwa kutawala na kutawaliwa na wenziwe, naye mwana wa mtemi na mwana wa maskini walisimama katika mstari mmoja wa jembe.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa utoto wetu, yatima wa baba na mama, aliyelelewa katika mji wa jirani yetu. Hatutamtaja jina. Alikuwa mkimya, na watoto wengine walimdhihaki kwa nguo zake. Mwaka alioingia katika kikundi cha vijana, mlezi wake alimkatia sehemu ya shamba pembeni mwa shamba kubwa, akamwambia alime pamba yake mwenyewe. Pamba ile ilipouzwa, yule mzee hakuigusa fedha. Alikwenda naye mnadani, akasimama kando, akamwacha kijana achague mtamba wake na kupatana bei. Kijana alipunjwa kidogo. Mzee aliliona jambo hilo akanyamaza. Njiani ndipo alipomweleza kosa lake. Miaka michache baadaye, yatima yule alipotaka kuoa, mzee yule yule na wazee wengine watatu walitembea kwa miguu kupeleka posa. Sisi tulikuwa wadogo na hatukuona ajabu. Leo twaona kwamba katika mambo yale mawili, mnada na posa, palikuwamo elimu yote tunayoitafuta.

Lakini mwandishi wa historia asiwe mshairi wa sifa tupu. Desturi zile zilikuwa na dosari zake. Yatima hadeki, wasema Waswahili, na msemo huo haukutoka hewani. Walikuwako yatima waliofanywa wachungaji wa daima huku wana wa nyumba wakipelekwa shule. Walikuwako wasichana yatima walioozwa mapema ili ng'ombe wa mahari wamfaidie mlezi. Mtoto asiye na mtetezi aliweza kuonewa hata mbele ya moto wa shikome. Kwa hiyo hatusemi kwamba ya kale yalikuwa mema yote. Twasema kwamba jamii ile ilijua kijana anakwenda wapi: ilikuwa na shamba la kumpa, rika la kumpokea, na wazee wa kumsindikiza.

Sasa hebu tuyaache mashamba ya pamba twende pwani, kwa kuwa huko ndiko nyumba za malezi za mtindo wa pili zilikoanzia, na sababu ya kuanza kwake ilikuwa msiba mkubwa. Biashara ya utumwa ya karne ya 19 iliwatenga watoto wengi na makabila yao. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa akafikishwa Unguja hakuwa na baba mdogo wala mjomba wa kumpokea hata akikombolewa. Mwaka 1864, Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza ya vyuo vikuu alipofika Unguja, Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliokamatwa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa shule ya Kiungani. Mmoja wao, John Swedi, alifikia daraja ya ushemasi mwaka 1879. Wasichana nao walipatiwa makazi yao huko Mbweni, ambako Caroline Thackeray aliongoza shule yao kwa miaka mingi. Baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, watoto wengine wengi waliletwa katika nyumba hizo.

Kiungani ilikuwa na mambo ya kusifiwa. Wavulana walifundishwa kusoma, kuandika, kupiga chapa vitabu na kazi nyingine za mikono. Tena waliulizwa habari zao. Mwaka 1887 kilitolewa kitabu kiitwacho Kiungani, kilichohaririwa na A. C. Madan, ambamo wavulana wa shule hiyo walieleza wenyewe namna walivyotekwa, walivyouzwa na walivyookoka. Hilo si jambo dogo. Mtoto aliyefanywa bidhaa, kuuzwa kwa kitambaa au kwa nafaka, alipewa nafasi ya kusema: mimi ni fulani, natoka mahali fulani, mama yangu alikuwa hivi. Mlezi yeyote wa leo anayeshika faili la mtoto lenye tarehe ya kupokelewa tu, bila ya habari za asili yake, ana la kujifunza hapo.

Hata hivyo, swali letu lilijitokeza mapema: hawa watatokaje? Mwaka 1876 Edward Steere, aliyekuwa askofu baada ya Tozer, aliondoka na kundi la watu waliokombolewa, wakapitia Lindi kwa nia ya kuwarudisha karibu na makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi ina rutuba na maji, wakakaa. Walijenga kijiji, wakalima, wakazaa. Mwaka 1882 Wamagwangwara, ambao ni Wangoni, walikishambulia kijiji hicho, wakaua na kuteka watu. Tendo la Masasi lilikuwa na hatari zake, lakini wazo lililokuwa ndani yake lilikuwa la kweli, kwamba mtu aliyekombolewa hawezi kubaki mgeni wa nyumba ya mlezi siku zote. Hana budi kupata udongo wa kukanyaga na jirani wa kumwamkia. Miongoni mwa waliokwenda kusini kufanya kazi ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomeshwa Kiungani. Mwaka 1890 alipewa upadri, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni hiyo, naye alifanya kazi Chitangali, katika nchi ya watu wa kabila lake. Mtoto aliyeondolewa kwao akiwa amefungwa alirejea akiwa mwalimu.

Bagamoyo yatuonyesha upande wa pili. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua kituo chao huko mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa, wakawafundisha dini, kilimo, useremala na uhunzi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliyabomoa majengo yao, nao wakayajenga upya. Vijana walipokua waliozwa wao kwa wao, kila jozi ikapewa nyumba na shamba dogo katika kijiji cha misheni. Kwa nje mpango huo wafanana na ule wa mzee wa jirani yetu: shamba, nyumba, mke. Lakini ndani yake kulikuwa na tofauti. Vijana hao waliendelea kudaiwa siku za kazi katika mashamba ya misheni. Ruhusa ya mambo mengi ilitoka juu. Na aliyetaka kwenda kutafuta maisha yake mjini alihesabiwa kuwa amepotea. Baadhi walilalamika, baadhi walitoroka. Walikuwa na jembe lakini hawakuwa na mnada. Hakuna aliyewaacha wachague mtamba wao, wakosee, kisha waelezwe njiani.

Mapadri Weupe nao walipitia Bagamoyo kuelekea bara, na mwaka 1883 walianzisha kituo cha Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi hii yetu ya Usukuma. Wao pia walikuwa na watoto waliokombolewa. Katika historia yao kuna mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wa Tanzania angefaa kumjua. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa huko Aljeria. Alisomeshwa uganga wa kisasa katika kisiwa cha Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka 67. Kwa nini Atiman hakuwa mgeni Karema? Kazi yake ilikuwa sababu moja, maana mganga huhitajiwa na kila mtu. Sababu ya pili ni kwamba alioa huko, akawa na wakwe, akawa na watoto, akawa na mahali katika misiba na sherehe za watu. Elimu ilimpa mkono wa kufanyia kazi. Ndoa na ujirani vilimpa watu.

Twaweza sasa kukusanya yale tuliyoyaona. Kijana anayetoka katika malezi ya nyumba isiyo ya wazazi wake ahitaji mambo matatu. Kwanza, kazi ambayo mikono yake inaijua. Pili, mazoea ya kuamua mambo yake, hata kwa kukosea mambo madogo akiwa bado karibu na mshauri. Tatu, watu wa kurudia, ambao watamwita kwenye arusi na kumzika akifa. Kiungani ilitoa la kwanza vizuri. Bagamoyo ilitoa la kwanza, ikazuia la pili. Atiman alipata yote matatu. Na moto wa shikome, pamoja na dosari zake zote, uliyapanga yote matatu katika njia moja.

Baada ya Uhuru, taifa letu lililichukua jambo hili kuwa la watu wote. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akikosoa shule zilizomtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfundisha kungojea kuajiriwa. Mwaka uliofuata, 1968, ilitungwa sheria ya kusimamia makao ya watoto, ili nyumba hizo zisiendeshwe kwa hiari ya mwenye nazo tu bali chini ya macho ya Serikali. Siku zile makao yalikuwa machache, kwa kuwa familia zilikuwa bado zinawabeba yatima wengi. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono ilikuwa mingi.

Mambo yalibadilika pale msiba mpya ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya 1990 ugonjwa huo uliwaondoa watu wa rika lile lile lenye kulea. Babu na bibi walibaki na wajukuu wengi kuliko nguvu zao. Hapo makao ya watoto yaliongezeka sana, mengi yakifunguliwa na madhehebu ya dini na mashirika ya hisani. Wengi wa waanzilishi walikuwa watu wenye huruma ya kweli. Lakini huruma huona njaa ya leo upesi kuliko inavyoona upweke wa kesho. Watoto wengine walipelekwa makao si kwa kukosa jamaa, bali kwa kuwa jamaa zao walikuwa maskini, na ya kuwa makao yalikuwa na godoro na ada ya shule.

Kisha likatokea jambo la aibu ambalo sisi watu wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kulipita kimya. Kuanzia mwaka 2006 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina na tamaa ya mali. Ili kuwaokoa watoto, Serikali na wahisani waliwapeleka katika shule za bweni zilizolindwa. Shule ya Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa ikipokea wanafunzi wasioona, ilijaa watoto kupita kiasi cha nafasi yake. Hapana shaka kwamba ulinzi ule uliokoa maisha. Lakini ukuta unaomzuia mwuaji humzuia pia shangazi. Wako watoto walioingia wadogo sana, wakakua bila kutembelewa, wakasahau njia ya nyumbani na pengine lugha ya nyumbani. Kwao, kutoka hakukuwa kufungua lango tu. Jamii iliyowatisha ilipasa kwanza kutengenezwa upya, kwa mahakama, kwa mafundisho, na kwa majirani kuapa kwamba mtoto huyu ni wetu. Ndiyo maana kazi ya kuwarudisha watoto hao majumbani ni kazi ya kijiji kizima, wala haimalizwi na afisa mmoja mwenye pikipiki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeyaweka mengi ya mambo haya katika maandishi. Inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Inawataka wasimamizi wa makao, pamoja na maafisa wa ustawi wa jamii, wamsaidie mtoto kurudi kwa wazazi au jamaa zake inapowezekana. Na yule asiyeweza kurudi wala kupata malezi ya kambo, asaidiwe kuwa mtu wa kujitegemea. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na familia, nayo yasisitiza kwamba kijana aandaliwe mapema kabla ya kutoka, na kufuatwa baada ya kutoka. Kwa hiyo hatupungukiwi na maneno. Twapungukiwa na wazee wanne wa kutembea kwa miguu.

Twasema hivi kwa sababu ya jambo tulilokutana nalo katika utumishi wetu. Alitujia ofisini kijana mmoja aliyekulia katika makao tangu akiwa na umri wa miaka mitano. Alikuwa ametimiza miaka 18, amemaliza kidato cha nne, amekabidhiwa sanduku, godoro na nauli. Kiswahili chake kilikuwa safi na mwandiko wake mzuri kuliko wetu. Tulidhani amekuja kuomba kazi. Kumbe alikuja kuuliza bei ya kawaida ya kupanga chumba, kwa kuwa hajawahi kulipia kitu chochote chenye bei ya kupatana. Makao yaliyomlea hayakuwa mabaya. Chakula kilikuwa kwa saa, na kila kitu kilinunuliwa na mtu mwingine. Mwisho, alipokuwa amekwisha simama ili aondoke, aliuliza jambo ambalo halijatutoka moyoni hata leo: "Mzee, siku nikitaka kuoa, nani atanipelekea posa?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Fomu zetu hazikuwa na mahali pa kuandika swali kama hilo. Tulimwelekeza chumba, tukampa barua ya utambulisho, tukamwambia arudi. Alirudi mara mbili tatu, kisha akahama mji. Tumelifikiri swali lake miaka mingi, na makala haya kwa kiasi fulani ni jaribio la kulijibu.

Msemo mmoja husema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wako wanaoutumia kuwafukuza vijana mapema: umekua, jitegemee. Lakini msemo huo unamsema mwenye ndugu. Hauwezi kuambiwa mtu asiye na ndugu hata mmoja wa kumtegemea. Kujitegemea kwa mwanadamu hakujapata kuwa kuishi peke yake. Yule yatima wa Mwandoya alijitegemea kwa sababu alikuwa na watu nyuma yake. Alipopunjwa mnadani palikuwa na mzee wa kumweleza njiani, na mwaka wa ukame palikuwa na ghala la jirani. Mtu mzima ni yule anayetegemea wengine na kutegemewa nao pia. Kijana aliyelelewa katika makao mazuri amefundishwa kupokea. Hajapewa nafasi ya kutegemewa na mtu.

Basi twapendekeza nini kwa walimu, walezi na vijana wenyewe? Hatupendekezi mambo ya gharama. Kijana wa makao apewe tuta lake, kuku wake au kazi yake ya mikono, na mapato yake yawe yake, ayatunze na kuyatumia mwenyewe. Atumwe sokoni akapatane. Apike chakula cha wote kwa zamu, apange matumizi ya wiki, akosee, aelezwe. Vijana wawe na baraza lao lenye madaraka ya kweli, mfano wa nsumba ntale na vijana wake, si viranja wa kupeleka majina tu. Likizo, kila anayeweza aende kwa jamaa, hata kama ni shangazi wa mbali mwenye nyumba ndogo. Na asiye na jamaa atafutiwe nyumba mbili au tatu kijijini zitakazomwita mwana wetu. Ahudhurie misiba na arusi za watu hao, abebe maji, achimbe kaburi, achezeshwe ngoma. Habari za asili yake ziandikwe na kuhifadhiwa, naye akabidhiwe akiwa na umri wa kuzielewa. Na siku ya kutoka isiwe siku moja. Iwe njia ya miaka miwili au mitatu, ambayo mlango umefunguliwa pande zote mbili.

Kwa walimu tunaongeza neno moja. Katika madarasa yenu wamo wanafunzi wanaotoka makao. Mara nyingi huwajua kwa sare zao zinazofanana, au kwa kukosa mzazi siku ya kikao. Msiwaonee huruma ya maneno. Wapeni madaraka. Mwanafunzi aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala la majembe hujifunza jambo ambalo hotuba haifundishi. Nanyi wanafunzi mnaorudi kila jioni kwa wazazi wenu, jueni kwamba rika ni ukoo wa pili. Yule mwenzenu asiye na nduguye ana ninyi, mkitaka.

Shikome siku hizi ni chache. Watoto husomea taa ya umeme wa jua, na elika nyingi zimegeuka vikundi vya kukopeshana fedha. Hatulilii hayo, kila zama na watu wake. Lakini moto waweza kuwashwa mahali pengine. Katika makao yoyote, Simiyu au Dar es Salaam au Unguja, wakiwapo watu wazima walio tayari kuketi jioni na vijana bila ya daftari wala kengele, na kuwaambia kwamba siku ya posa tutakwenda nawe, shikome imekwisha washwa. Kijana atakayetoka katika nyumba ya namna hiyo atatoka kwa miguu yake mwenyewe, naye atajua njia ya kurudi kusalimia.